Mwalimu wa Logi na Faini ya Vitumbua

Ukimwamkia Mwalimu, usitegemee marahaba iliyosimama peke yake. Nimemwamkia asubuhi, nimemwamkia msibani, nimemwamkia kwa simu nikiwa Muscat huku salio linakimbia, na jibu lilikuwa lile lile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umesoma logi?"

Logi, kwa msiojua, ni faili ambalo seva huandika humo kila kinachoipata: nani kaja, kaomba nini, kapewa nini, na wapi pamevunjika. Kwa Mwalimu, mtu anayeleta tatizo bila kusoma logi ni sawa na mtu aliyekwenda hospitali akamwacha mgonjwa nyumbani. Alikuwa akikuangalia juu ya miwani yake, iliyofungwa kwa uzi wa mshipi baada ya mkono mmoja kuvunjika, anakutafunia tambuu taratibu, mpaka wewe mwenyewe unageuka na kwenda kusoma.

Alizaliwa wapi, nani babu yake, kwa nini hakuolewa tena baada ya mumewe kufariki: hayo waulizeni wengine, Bagamoyo hapakosi watu wa kuyajibu. Mimi nitasema ninayoyajua, na ninayajua mengi, kwa sababu mimi ndiye mwanafunzi wake aliyefika mbali kuliko wote. Si majivuno. Niliondoka hapa na begi lenye zipu mbovu. Muscat nilibeba maboksi ghalani mchana, jioni nikasoma, nikarudi na diploma ya kompyuta yenye muhuri wa dhahabu. Leo nina ofisi Mapinga, barabarani kabisa, yenye mlango wa kioo na kiyoyozi kinachofanya kazi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kama yuko mtu aliyenishika, alinishika sikio, na mtu huyo ni Mwalimu.

Darasa lake lilikuwa Kaole, katika banda la bati nyuma ya nyumba yake. Kompyuta zilifunikwa kanga, na tulizitambua mashine kwa rangi za kanga zao. Ya zambarau ilichelewa kuwaka. Ya kijani ilikuwa na kibodi isiyo na herufi M, na anayechelewa kufika ndiye aliyepewa hiyo. Jaribu kuandika Kiswahili bila M, utajua kwa nini hatukuchelewa.

Mlangoni ulivua viatu. Banda lenyewe sakafu yake ilikuwa saruji iliyochubuka, kuku wanapita watakavyo, lakini viatu ulivua. Hiyo ilikuwa tabia aliyotoka nayo kazini. Alistaafu katika ofisi moja ya Dar es Salaam alikokuwa mwendesha mitambo enzi ambazo mashine ilijaza chumba kizima, na kuingia humo ulivua viatu kama unaingia msikitini. Kuku, alisema, hawavai viatu, kwa hiyo hawana kosa.

Alipostaafu wenzake walifungua maduka ya vitenge. Yeye alijisomea Java mpaka ikamkubali, akaanza kutufundisha kutengeneza programu za mtandao zinazokaa kwenye seva. Kitu tulichokitengeneza kinaitwa sevleti. Msitishike na jina. Sevleti ni mtumishi anayekaa ndani ya seva akisubiri. Mtu akibonyeza kitu kwenye simu yake, ombi linakwenda kwa yule mtumishi, naye anarudisha jibu. Ndiyo hivyo tu, na ndani ya hivyo tu kuna matatizo ya kumtosha mtu maisha yake yote.

Ukimletea tatizo, Mwalimu hakukimbilia kibodi. Alikuwa na maswali yake matatu, nayo aliyauliza hata akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi, bila kuinua kichwa.

"Ni kwa wote au ni kwako peke yako?"

Unajibu.

"Ni kila mara au mara moja moja?"

Unajibu.

"Na cha mwisho kukigusa kilikuwa nini?"

Hapo wengi walisema, "Sijagusa kitu, Mwalimu." Naye angeacha kukuna, aipanguse mikono yake kwa kanga, na kusema, "Basi nenda kaiombe radhi mashine, imejiharibu yenyewe kwa ajili ya kukuudhi."

Maswali hayo aliyauliza kuhusu kila kitu. Jirani alikuja kulalamika kwamba mumewe amekuwa mkali. Mwalimu akauliza: ni kwa wote au ni kwako peke yako? Jirani akafikiri, akasema ni kwake peke yake. "Basi seva ni nzima," Mwalimu akamwambia. "Angalia upande wako."

Alikuwa na ulimi, Mungu amjalie. Seva zina namba za kujibia, na kila namba ina maana yake, naye alizigawa kwa watu. Watalii waliokuwa wakitafuta magofu wakaishia kwenye ua wake aliwaita mia nne na nne, kwa sababu ndiyo namba ya kitu kisichopatikana mahali ulipokitafuta. Shemeji yake mmoja, aliyependa kujikaribisha jikoni, alikuwa mia nne na tatu: tunakujua, ila huruhusiwi. Kijana aliyekuja kuposa binti ambaye alikwishahamia Dar aliambiwa mia tatu na mbili, yaani unayemtaka yuko anwani nyingine, fuata huko. Na mtu anayelipuka kwa hasira bila kueleza sababu alikuwa mia tano. Mia mbili, namba ya mambo kwenda sawa, aliitoa kwa uchoyo. Nilirudi kutoka Muscat na diploma yangu kwenye fremu, nikaiweka mapajani pake. Aliisoma mbele, akaigeuza akasoma nyuma ambako hakukuwa na kitu, akasema, "Fremu nzuri." Tangu siku hiyo akawa ananiita Bwana Diploma.

Jambo ambalo sikulisikia Muscat kwa mwalimu yeyote, na walikuwepo wenye shahada, ni jinsi alivyotufundisha kusoma kosa la Java. Java ikivunjika huandika matanga: mistari na mistari, majina marefu, ukurasa mzima. Mwanafunzi mgeni husoma mstari wa kwanza na kukata tamaa. Mwalimu alisema, "Ukienda msibani, wanaolia kwa sauti mlangoni ni majirani. Mfiwa hasa yuko ndani, kakaa kimya mkekani. Pita watu wa mlangoni, ingia mpaka ndani, mtafute mfiwa." Maana yake, shuka chini mpaka lile neno la mwisho linalosema kosa hili limesababishwa na nini, halafu tafuta mstari wenye jina la faili lako mwenyewe. Mpaka leo nikiona kosa refu, mkono wangu unashuka wenyewe kumtafuta mfiwa.

Yapo matatizo ambayo naamini yalimpata yeye peke yake duniani. Seva humkumbuka mtumiaji kwa muda fulani. Akikaa kimya sana, seva inamsahau na kumtoa. Muda huo hupangwa na watu wa nchi ambazo salamu ni neno moja. Alipoweka programu yake ya kwanza, ya kuazima vyombo vya harusi na misiba, kwa kina mama wa mjini, malalamiko yakawa hayo kila siku: mtu anajaza ombi, anapata mgeni mlangoni, anamwamkia, anaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mgonjwa, za mvua, anauliza na yeye, akirudi kwenye simu, katolewa. Wengine wangewaambia watu wafupishe salamu. Mwalimu alikaa barazani akasikiliza wageni wawili wakisalimiana mpaka mwisho, kisha akaenda akaurefusha muda wa seva. "Mashine ndiyo mgeni hapa," alisema. "Itazoea."

Lingine lilikuwa la ng'ombe. Kuna alama ile ndogo juu, baada ya ng, na alama hiyo ikipelekwa ovyo kwenye hifadhidata, hifadhidata inadhani maneno yamekwisha, inavunjika. Kila aliyeomba sufuria la ng'ombe alipata mia tano. La mbuzi lilikubali. Kwa hiyo harusi zote za msimu ule zilipikwa mbuzi, na watu wakadhani ni fasheni. Mwalimu alipolitengeneza hakumwambia mtu. Ng'ombe wakarudi taratibu.

Msidhani alikuwa mtu wa kanuni tupu. Alitukataza kuizima na kuiwasha seva kabla hatujajua kosa, akisema huko ni kumfukuza shahidi. Lakini televisheni yake ikigoma aliipiga kofi, ikigoma tena anaipiga la pili, na haikuwahi kuulizwa swali lolote. Alitukataza kubahatisha, na papo hapo kila Alhamisi jioni aliizungushia seva chetezo cha ubani. Nilimuuliza siku moja ubani unasaidia nini.

"Mbu," alisema.

"Mbu wanaharibu seva, Mwalimu?"

"Umewahi kuona mbu kwenye seva yangu?"

Na alikuwa na faini. Kila faili ulilolianza ulipaswa kuandika juu yake jina lako na la baba yako. Kosa likipatikana, tunafungua faili, tunasoma jina, na mwenye jina siku ya pili analeta vitumbua vya darasa zima. Hakugombeza, hakufukuza. Vitumbua tu. Nilipika vingi katika ujana wangu, na mpaka leo napika vitumbua vizuri kuliko wanawake wengi ninaowajua. Vyake yeye hatukuwahi kula hata kimoja. Alisema programu yake haijawahi kumkosea mtu, na sisi tuliamini, kwa sababu hakuna aliyethubutu kufungua faili lake.

Sasa niwaeleze la vyombo, maana ndilo lililomfikisha mahali ambapo hakutaka kufika.

Mjini kwetu kuna chama cha kina mama chenye vyombo vya shughuli: masufuria, majamvi, maturubai, viti, na jukwaa la bibi harusi lenye mapazia ya waridi. Mwanachama mwenye harusi au msiba anaazima. Zamani Katibu aliandika mwenyewe na kusahau mwenyewe. Mwalimu akawatengenezea mfumo: mtu anaomba kwa simu, sevleti inapokea, Mwenyekiti anabonyeza kukubali, mkokoteni unapeleka. Nilipokuwa Muscat darasa la Kaole lilikufa, vijana wakawa wanajifunza kwenye simu zao. Mfumo wa vyombo ndio uliobaki wenye kufanya watu wapige hodi kwa Mwalimu. Wakipiga hodi anajifanya amesumbuliwa, na wasipopiga anatoka barazani kutazama njia.

Siku za kawaida mfumo ulikwenda vizuri. Ila wiki ya Idd haina tarehe mpaka mwezi uandame, na harusi za kwetu hupenda wiki hiyo. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuomba chombo mapema. Wote wanakaa na simu mkononi wakisikiliza redio, tangazo linatoka, na mji mzima unabonyeza. Idd moja kukatokea mchanganyiko, wakasema ni hasadi. Idd iliyofuata, na hapo nilikwisharudi, nyumba ya harusi Dunda haikupata kitu. Ua mtupu, wapishi wamekaa mikono mashavuni. Nyumba ya khitma Nianjema, watu wanasoma arobaini ya marehemu wao, ililetewa majamvi iliyoyaomba, na nyuma ya majamvi, kwenye mkokoteni wa pili, likaja jukwaa la bibi harusi na mapazia yake ya waridi.

Mwenyekiti, mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ambo ya pili, alikwenda Kaole mwenyewe. Nilikuwapo.

"Mwalimu, mwenzangu, mimi nimezika watu na nimeoza watu. Sijawahi kuona marehemu anapandishwa jukwaani."

"Watu wako wanabonyeza ovyo," Mwalimu akasema.

"Wanabonyeza ulivyowafundisha. Sikiliza. Idd Kubwa inakuja. Kabla yake nataka nijue kosa liko wapi na ni la nani. Nisipojua, mashine inatoka, Katibu anarudi na kalamu yake, na wewe tutakualika harusini kama watu wengine."

Mwalimu alitema tambuu, akafunga buibui vizuri, jambo alilolifanya alipotaka muda. Mwenyekiti alipoondoka, akanigeukia.

"Bwana Diploma, kaa. Tuone huko Muscat walikufundisha nini."

Nikakaa. Tulijaribu ombi moja moja, yeye kisha mimi. Kila ombi lilirudi sawa. Ni kwa wote? Hapana. Ni kila mara? Hapana. Mara moja moja, na hilo ndilo jibu alilolichukia kuliko yote. Tukafungua logi. Logi ikasema wazi: nyumba ya khitma iliomba majamvi, nyumba ya khitma iliomba jukwaa. Harusi ya Dunda haikutajwa.

"Unaona?" Mwalimu akasema, uso umenawiri. "Waliomba wenyewe. Logi haisemi uongo."

Mimi sikuridhika, na hapa ndipo mtu anapojua kwamba diploma yangu haikutundikwa ukutani kwa mapambo. "Tazama saa, Mwalimu," nikasema. "Maombi mawili, nyumba moja, na saa ni ile ile mpaka sekunde. Mfiwa gani wa kubonyeza mara mbili ndani ya sekunde moja, tena moja majamvi, moja jukwaa?"

Akasogeza miwani. Akasoma. Akaisogeza tena.

"Kwa hiyo logi inadanganya?"

"Haidanganyi. Imeandika ilichoambiwa."

"Na aliyeiambia ni nani?"

Sikujibu. Nilikuwa na adabu zangu, na nilikuwa bado nataka kunywa chai yake.

Nikasema kosa hili halitaonekana mpaka watu wabonyeze pamoja. Tukaenda kwa Mwenyekiti Jumamosi mchana, kina mama wamejaa uani na simu zao, Mwalimu kakaa kwenye kigoda na kompyuta yake ndogo mapajani. Nikawaambia kila mmoja aandae ombi, asibonyeze mpaka nihesabu moja mbili tatu.

"Hesabu ya nini?" Katibu akasema. "Sisi tunajua kufanya kitu pamoja bila kuhesabiwa." Akainua kichwa akapiga kigelegele. Ua mzima ukaitikia, na vidole vyote vikashuka.

Kisha Mwenyekiti akaisogeza simu yake mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Mimi nimeomba masufuria. Hapa panasema ombi la Katibu la masufuria limepokelewa. Mimi ni Katibu?"

"Toba!" akasema Katibu. "Nimepandishwa cheo!"

"Nimeshushwa mimi!"

Wengine nao wakaanza kuonyeshana simu, huyu kawa yule, yule kawa jirani yake, mmoja kaazima jeneza la msikiti ambalo halimo kwenye orodha, lakini huyo nadhani alikuwa anatania. Vicheko vikatanda. Mwalimu peke yake hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye faili, na nilijua yuko mstari gani, kwa kuwa na mimi nilikwishauona.

Akainuka. Nilidhani anaondoka. Badala yake akakamata upawa uliokuwa juu ya sufuria na kuwaelekea.

"Sevleti ni mpakuzi wa pilau," akaanza. "Mmoja tu, wageni wote wanamjia yeye. Jina la mgeni lilitakiwa liandikwe kwenye sahani ya mgeni, kila mtu na sahani yake. Humu jina limeandikwa kwenye kiganja cha mpakuzi. Akija mgeni mmoja, sawa. Wakija wawili kwa pamoja, la pili linalifuta la kwanza, na sahani zote mbili zinatoka kwa jina la pili. Sahani ya Dunda ilitoka kwa jina la Nianjema. Ndiyo habari yote."

Kina mama waliwahi kupakua pilau la harusi, hawakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Na huyo aliyeandika kwenye kiganja," Mwenyekiti akauliza taratibu, "ni nani?"

Mfumo ule tuliusaidia wanafunzi wake wengi, na wengi wao sasa wako mbali. Angeweza kusema jina lolote, na hakuna ambaye angefungua faili. Alinipa ile kompyuta.

"Bwana Diploma. Soma jina lililo juu."

Nikamtazama.

"Soma, wewe. Nilikufundisha kusoma, sikukufundisha huruma."

Nikalisoma jina lake lote, la kwake na la baba yake.

Nilikaa chini, nikalitoa jina kiganjani nikaliweka kwenye sahani. Ni kazi ndogo kwa mtu anayejua. Nililihamisha kutoka juu, ambako wote wanalishiriki, nikaliweka ndani, ambako kila ombi lina lake. Katibu akapiga kigelegele cha pili. Vidole vikashuka. Mwenyekiti akasoma simu yake, akasoma ya Katibu, akaenda kwa kila mtu akasoma. Kila mtu alikuwa yeye mwenyewe.

"Mia mbili," Mwalimu akasema, akinitazama. Ndiyo mara yangu pekee, na nina mashahidi.

Mwenyekiti akarudi akasimama mbele yake. "Nilisema nataka kujua kosa liko wapi na ni la nani. Nimejua yote mawili. Sasa, wanafunzi wako walikuwa wakilipa faini. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Faini gani?"

Mwalimu alifunga buibui vizuri. "Vitumbua."

"Vya watu wote hawa?"

"Wote."

"Basi mashine ibaki. Lakini kwako huna kikaango cha kutosha umati huu, na cha chama unakijua kinavyoombwa. Kiombe kwa simu, kama sisi."

Mwalimu akaitoa simu yake, akaandika kwa kidole kimoja, akabonyeza. Jina lake likatokea kwa Mwenyekiti, sawasawa, likisubiri kukubaliwa. Mwenyekiti akaliona. Akaiweka simu kifudifudi. Akaenda kutawadha, akaswali alasiri, akarudi akamimina chai, akamuuliza jirani habari za mgonjwa, na habari hizo zilikuwa ndefu. Mwalimu alikaa kigodani na simu yake. Hakutolewa na seva, kwa sababu yeye mwenyewe alikwishaurefusha muda kwa ajili ya salamu. Mwenyekiti alipoona kwamba hata mashine imemshinda kwa subira, akacheka mpaka akashika ubavu, akabonyeza.

Idd Kubwa ilipita na kila chombo kwenye nyumba yake. Vitumbua vililiwa uani pale pale. Mimi sikupata, nilikuwa Dar kwa kazi kubwa ambayo sitaki kuizungumzia ionekane najisifu. Waliokula wanasema vilikuwa vizuri, lakini walikuwa wengi, na walikuwa na furaha ya kula faini ya Mwalimu, sidhani kama ulimi wao ulikuwa makini.

Mwezi uliopita alikuja ofisini kwangu Mapinga kwa mara ya kwanza. Niliinuka kumfungulia mlango wa kioo, nikiwa nimekwishapanga jinsi ya kumwonyesha kiyoyozi. Yeye alisimama kizingitini, akavua viatu, akaingia pekupeku kwenye vigae vyangu. Wateja wawili waliokuwa wamekaa wakatazamana, wakavua na vyao.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umesoma logi?"

"Ya nini? Hakuna kilichoharibika."

"Kwa hiyo hujasoma." Akakaa, akaweka kontena la plastiki mezani, akalisukuma kwangu. Lilikuwa la moto.

Nikafungua. Vitumbua, vya nazi, harufu ya iliki ikaijaza ofisi.

"Fungu langu la faini ya vyombo!" nikasema. "Nilijua hutanisahau."

"Ile iliisha. Hukuwapo, imekupita." Akavua miwani akaipangusa, akaivaa. Uzi wa mshipi ulikuwa mpya. "Chama cha hapa Mapinga kinataka mfumo kama ule. Nimesema sitawapa ule wa zamani. Naandika upya kabisa, kwa mtindo huu wa sasa mnaotumia ninyi vijana. Kila ninachogusa kinavunjika. Jana nilisoma kosa moja mpaka nikamkosa mfiwa."

"Sasa vitumbua hivi ni vya nini?"

"Vya makosa ambayo bado sijayafanya. Nalipa mapema, wewe ndiye utakayeyakagua. Nisije nikakusikia unacheka."

Sikucheka. Nilichukua kitumbua kilicho juu, nikauma. Nje kilikuwa kimeiva vizuri, rangi ya dhahabu kama muhuri wa diploma yangu. Katikati kilikuwa kibichi, unga mtupu. Alikuwa ananitazama juu ya miwani, kama zamani, na mimi nikakumbuka kwamba hakunifundisha huruma.

"Mwalimu, kibichi katikati."

Hakushtuka. Akajiegemeza kwenye kiti changu cha wageni, akakunja mikono.

"Ni vyote, au ni hicho kimoja?"

"Siwezi kusema bado," nikamjibu, nikalivuta kontena karibu. "Ngoja nijaribu kingine."